Safari ya Kutafuta Simsim ya Mama

Enzi zile mtaani Shauri Moyo, Nairobi, mchi ukianza kugonga kinu nyumbani kwetu Jumamosi asubuhi, bano, zile gololi zetu, ziliachwa pale pale mchangani. Hata aliyekuwa akishinda aliziacha. Tulijua Mama anatwanga simsim, na ukichelewa ungekuta watoto wa mstari wetu wa nyumba wote wamekwisha kuketi mlangoni, mikono imeoshwa, nyuso zimetulia utadhani wako kanisani. Nyinyi wa rika langu mliokulia mitaa ya Eastlands mnanielewa. Kwenu huenda mama alisifika kwa mandazi au kwa chapati za Krismasi. Wetu alisifika kwa vitonge vya simsim, na nasema bila haya kwamba mtaa mzima hakuna aliyemfikia.

Nawaeleza wadogo zetu, maana siku hizi ukitaja kitu kitamu wao wanaona keki yenye rangi saba. Mama alikaanga mbegu za simsim kwenye sufuria kavu juu ya jiko la makaa, akizigeuza kwa mwiko mpaka zianze kurukaruka na kutoa harufu iliyoingia hata kwenye nguo tulizoanika nje. Kisha akazitwanga. Kisha akayeyusha sukari nguru, ile nyeusi inayouzwa kwa vipande vigumu, akaimimina kwenye kinu, akachanganya, akaviringa vitonge kwa viganja vilivyoloweshwa maji. Ukikiuma, kwanza unapata utamu, halafu mafuta ya simsim yanaenea ulimini, halafu mwishoni kuna ukali fulani unaokupasha koo. Hata katika baridi ile ya Julai ulihisi kama umevaa sweta. Ukali huo ndio uliotufanya tuombe cha pili, na Mama akatuuliza kama tumbo letu lina mlango wa nyuma.

Tulijivuna navyo sana. Kila Desemba tulikwenda Busia, kwao Mama, na kila Januari tulirudi na mbegu za simsim na sukari nguru. Kwa akili zetu mambo yalikuwa wazi: simsim inatoka mashambani, basi vitonge navyo ni vya mashambani. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wetu watoto wa Nairobi. Kitu chochote kizuri kikiingia nyumbani tulikipa sifa za ushago, yaani kijijini, na Nairobi tukaiachia foleni ya maji na moshi wa mafundi wa jua kali. Mwalimu alipotuambia kila mtu ataje chakula cha kwao, kaka yangu Wafula alisimama akahutubia darasa zima kuhusu vitonge vya Busia, kama vile yeye ndiye aliyepanda hiyo simsim. Mimi niliyekuwa dawati la nyuma nilikuwa nikitikisa kichwa kuthibitisha kila neno.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi Mama Njeri. Alitoka Murang'a, na alikuwa na kibanda katika soko la Gikomba alikouza njugu, tangawizi na viungo vya chai. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Yeye na Mama hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa kikijikwaa kila baada ya hatua chache, lakini sahani zao zilielewana vizuri. Mama akimaliza kuviringa, sahani ya kwanza ilikwenda kwa Mama Njeri. Na katika mstari wetu ilikuwa aibu kubwa kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu. "Ukirudisha hiyo sahani hivyo," Mama alitufokea siku moja, "watu watasema kwa Mama Wafula kumekufa mtu na hatujawaambia." Kwa hiyo sahani yetu nayo ilirudi kutoka kwa Mama Njeri na kitu: mara njugu, mara vipande vya tangawizi, mara ndizi mbivu. Sisi tuliangalia ndizi tu. Hayo mengine yalikwenda jikoni na hatukuyafuata.

Sasa Mama ni mzee na anaishi nami mtaa wa Lucky Summer. Mwaka huu mvua zilipokuja alipata homa ya mapafu, akalazwa, akapona. Aliporudi nyumbani alikuwa amepona kila kitu isipokuwa hamu ya kula. Ukimwekea ugali anaugusa kama mtu anayepima joto la pasi. Uji anakunywa vijiko viwili, anasema ameshiba. Mikono yake iliyokuwa ikiinua mchi sasa ilikuwa inatetemeka kwa kikombe. Daktari alituambia wazi kwamba mapafu ni safi, lakini asipokula mwili hautakuwa na kitu cha kujijengea, na homa nyingine ikija itamkuta hana nguvu. Niliogopa. Nilikuwa naamka usiku kusikiliza kama anapumua.

Tulimjaribu na kila kitu. Nilimnunulia vile vitonge vya simsim vya dukani, vilivyofungwa kwa karatasi inayometameta. Aliuma kimoja, akakitoa mdomoni taratibu, akakirudisha kwenye karatasi yake na kuikunja vizuri. "Asante, binti yangu," aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Mama niliyemjua mimi angeuliza nani amesaga mchanga.

Wafula ndiye aliyekuja na wazo. Alisema tumpeleke Mama Busia, akale simsim ya kwao pale inapotoka, imetwangwa na mikono ya dada yake. Nilipenda wazo hilo mpaka nikasimama. Tulipanga kama watu wanaopanga harusi: nani aombe ruhusa kazini, gari la nani lina magurudumu ya kuaminika, Mama aketi wapi asipigwe na upepo. Tulikubaliana tusimwambie sababu. Tulimwambia tu kwamba tunakwenda kumwona dada yake, ili vitonge vimfikie bila yeye kutarajia. Binti yangu, ambaye kwake dunia nzima huletwa mlangoni na pikipiki, alituangalia akatikisa kichwa. "Kwani mnaenda mpaka Busia juu ya sweet? Si muorder tu?" Wafula akamwambia kwamba sisi tulitumwa dukani kwa miguu, tukarudi na chenji na unga, na hatukupotea.

Tulifika Busia mchana. Mama mkubwa, dada yake Mama, alitupokea kwa vigelegele, na wale wawili walishikana mikono kwa muda mrefu. Kukaletwa kuku na ugali wa wimbi. Mama alikula kidogo tu, akasogeza sahani. Hapo Wafula akakohoa kidogo, akasimama kama siku ile darasani. Alisema kwamba, pamoja na salamu, tumemleta Mama kwa kazi maalum. Tunaomba vile vitonge vya simsim, vile vya tangu zamani, vya asili ya hapa.

Mama mkubwa akaingia ndani, akatoka na bakuli la simsim iliyosagwa laini, akatuwekea na viazi vitamu vya kuchemsha. Nilichovya. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na chumvi. Wafula akachovya, akanitazama. Nikachovya tena, labda utamu uko chini.

"Mama mkubwa," nikasema, "ile tamu. Ya kuviringa. Inayowasha koo."

Mama mkubwa alitukodolea macho, kisha akaanza kucheka mpaka akashika nguzo ya veranda. "Hiyo? Hiyo ni ya Nairobi! Sisi hapa simsim tunaweka chumvi. Desemba ikifika watoto wangu walikuwa wanakaa barabarani tangu asubuhi wakingoja mama yenu ashuke na lile kopo la vitonge. Hata mimi nilikuwa naficha vyangu chini ya kitanda."

Mimi na Wafula tukatazamana kama watu waliokosea kanisa wakajikuta katikati ya maziko ya wengine. Ni kweli, nilikumbuka lile kopo. Nilikumbuka binamu zetu wamelizunguka. Katika akili yangu ya utotoni tulikuwa tumevila vitonge Busia, basi vilikuwa vya Busia. Haikunijia kamwe kuuliza kopo lilitoka wapi.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu hospitalini. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamwangukia mabegani. "Hawa watoto!" alimwambia dada yake. "Wamenitoa Nairobi, wamenipitisha milima na mabonde, wamenileta huku kutafuta kitu cha Mama Njeri!"

Akatueleza, huku akifuta machozi, kwamba aliolewa akaja Shauri Moyo akijua simsim ya chumvi tu. Ni Mama Njeri aliyeionja, akasema inafaa iwe tamu. Ndipo ikaingia sukari nguru. Kisha zile njugu na tangawizi zilizokuwa zikirudi kwenye sahani, Mama hakutaka ziharibike, akazitwanga humo humo. Mama Njeri akaonja tena, akasema tangawizi haitoshi. Walifanya hivyo miaka na miaka, huyu anatwanga na yule anakosoa, mpaka kikapatikana kitu ambacho hakikuwa cha Busia wala cha Murang'a. Kilizaliwa Shauri Moyo, kama sisi.

"Nipe simu," Mama akasema.

Mama Njeri hajawahi kuhama. Bado yuko kwenye nyumba ile ile, na sauti yake bado haihitaji simu. Tuliisikia sote uani. "Mama Wafula! Uko wapi?" Mama akamweleza. Ng'ambo kukawa na kicheko, kisha ubishi. Mama Njeri alidai tangawizi huwekwa baada ya sukari kuyeyuka. Mama akasema ikiwekwa hapo inakuwa chungu, na kwamba amemwambia hivyo tangu Wafula akitambaa. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi. Alipokata simu alimwagiza dada yake alete mbegu za simsim na sukari nguru, nyingi, na akatuambia tujiandae kurudi kesho.

Kwa hiyo safari yetu ya kula kitu cha asili iliishia tulipozaliwa. Tulimshusha Mama Shauri Moyo na mzigo wake, na Mama Njeri alikuwa amesimama mlangoni, sasa ameinama kidogo, mkononi ana tangawizi aliyokwisha kuiosha. Walisalimiana kwa kulaumiana. "Umekonda hivi, huko Lucky Summer wanakulisha hewa?" Mama akamjibu kwamba na yeye amefupika. Mchi ukawashinda, akatwanga Wafula, mtu mzima mwenye kitambi na gari, na akakosolewa kila pigo na wanawake wawili kwa wakati mmoja. Binti yangu aliingia akinuia kupiga picha tu. Baada ya dakika chache simu ilikuwa mfukoni na viganja vyake viko ndani ya kinu.

Nikiwa nimeketi pale niliwaza mengi. Maisha yangu yote nimeulizwa kwetu ni wapi, na maisha yangu yote nimetaja mahali ambapo nililala wiki chache kila Desemba. Shauri Moyo niliificha kama nguo yenye kiraka. Tulisema tunatoka mashambani, tunaishi tu Nairobi. Siku hizi watoto wetu wana kila kitu mkononi, lakini katika jengo ninaloishi kuna milango ya chuma ambayo nimeipita miaka mingi bila kujua nyuma yake kuna nani. Anayekaa juu yetu namjua kwa vishindo vya viatu. Sisi tulikuwa na bomba moja, choo cha kushirikiana na kuta ambazo ukikohoa jirani anakwambia pole. Katika umaskini ule, mwanamke wa Busia na mwanamke wa Murang'a walitunga chakula, na watu wa mashambani wakakaa barabarani kukingoja. Nani mwingine ana sifa kama hiyo? Sasa mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nasema Shauri Moyo. Akiuliza tena, ule ushago hasa, nasema Shauri Moyo kwa sauti zaidi.

Vitonge vilipokuwa tayari, Mama Njeri alichagua kimoja, akampa Mama mkononi. Mama akauma. Akatafuna polepole, macho chini, nami nilikuwa nimeshika kiti. Akameza. Akakimaliza kile kitonge chote.

"Tangawizi haitoshi," Mama Njeri akasema.

"Inatosha," Mama akajibu, akachukua kingine. Akala na hicho. Binti yangu aliponyoosha mkono kuonja, Mama aliisogeza sahani upande wake, akaikinga kwa kiwiko, akamwambia angoje wakubwa wamalize. Nilitoka nje nikajifanya naangalia gari, maana nilikuwa nalia na sikutaka mtu anibembeleze. Kutoka mle ndani nilisikia Mama akiuliza kama katika nyumba hii siku hizi hakupikwi chai.