Mwalimu Kashaija na Ungo wa Majivu

Kashaija wa Kituntu alikuwa amewafundisha watu wazima kusoma kwa miaka kumi na tisa siku herufi zilipomkataa. Ilikuwa mwaka 1953, msimu wa kuanika kahawa. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu alfajiri, lakini hakukijali. Alipofungua kitabu cha nyimbo mbele ya darasa la ubatizo, ambako asiyejua kusoma hakubatizwa, aliona mistari kama njia za mchwa kwenye mlango. Kila alama aliiona waziwazi, ila hakuna hata moja iliyomwambia neno. Akafunga kitabu, akawaambia wanafunzi waimbe wimbo wanaoujua, akaenda zake nyumbani.

Mkewe, Kokwijuka, alidhani ni macho, akamchemshia majani ya kuyaosha. Haikusaidia. Siku ya tatu Kashaija aliandika barua kwa mchungaji kuomba ruhusa ya kwenda hospitali. Kalamu ilikimbia kama kawaida. Alipotaka kuipitia barua yake mwenyewe, hakuweza kusoma hata jina lake. Akampa Kokwijuka, naye akaisoma mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri, Baba Anatory," alimwambia. "Hakuna kosa."

Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Alipanda lori la kahawa, akafika hospitali ya misheni siku ya pili. Daktari, Mzungu wa makamo aliyesema Kiswahili polepole, alimpima macho, kisha akamwambia aandike jina lake na kulisoma. Kashaija akatikisa kichwa. Daktari akamwambia afumbe macho, akamchorea kitu kiganjani kwa kitako cha penseli.

"K," alisema Kashaija hata kabla hajaulizwa.

Daktari alimweleza kwamba kishipa kimoja cha damu kilikuwa kimeziba ndani ya ubongo. Njia inayopeleka herufi kutoka machoni ilikuwa imeharibika, lakini sehemu inayouongoza mkono ilisalimika. "Macho yako ni mazima," alisema, "ila kwa sasa mkono wako ndio unaojua kusoma." Alimshauri afuatishe kila herufi kwa kidole, kama wagonjwa wengine wa namna hiyo walivyofanya huko Ulaya. Kwamba angepona kabisa, daktari hakuahidi.

Basi Kashaija akarudi kujifunza kusoma nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kidole kikitambaa juu ya ukurasa. Mstari mmoja ulimchukua muda ambao Kokwijuka alimenya ndizi za chakula cha mchana. Alikuwa na aibu. Somo la kesho alilikariri leo, na darasani alishika kitabu wazi kama mtu anayesoma.

Aliyemkuta ni Kyarimpa, mama wa jamii ya wafugaji, aliyekuwa mwaka wa tatu katika darasa la ubatizo ilhali wenzake wote walikwisha kubatizwa. Alikuja mapema kumletea Kokwijuka maziwa, akamwona mwalimu akipapasa kitabu. Akamwamkia, kisha akauliza anafanya nini. Kashaija akajikuta anamweleza yote, mpaka habari ya kiganja na penseli.

Kyarimpa alitua maziwa chini. "Na kama kichwa changu nacho hakipokei kwa macho, mwalimu?"

Hilo Kashaija hakuwahi kuliwaza. Aliingia jikoni, akachukua ungo, akautandazia majivu, akachora b kubwa. Kyarimpa akaipitia kwa kidole mara nyingi, akiitamka. Kisha d. Herufi hizo mbili ndizo zilizomshinda miaka yote. Asubuhi hiyo alizitenganisha, akakosea, akazitenganisha tena.

"Nilikusimamisha mbele ya wenzako," alisema Kashaija. "Nikasema una uvivu."

"Nakumbuka," alijibu Kyarimpa, na kidole chake hakikuondoka kwenye majivu.

Tangu wiki hiyo nyungo zikawa nne darasani. Si wote walioupenda mtindo huo. Kijana Muhangi, aliyesoma haraka kuliko wote, alilalamika kwamba majivu yanamchafulia kanzu, na mwalimu akamwacha aendelee na kitabu chake. Mzee mmoja hakunufaika na ungo wala kitabu. Huyo alifundishwa kwa nyimbo, akashika machache.

Mwangalizi wa shule za misheni alipopita, aliuliza kama hapo ni darasa au jiko. Kashaija akachoka kuficha, akamweleza ugonjwa wake. Mwangalizi aliandika mengi katika daftari lake. Mwezi uliofuata ikaja barua: Kashaija asisome tena masomo ya ibada kanisani, lakini darasa la ubatizo abaki nalo. Kokwijuka aliisoma kwa sauti, mara mbili. Iliwauma wote wawili.

Pasaka ya mwaka 1955 Kyarimpa alibatizwa kwa jina la Margreth. Alisoma aya nne mbele ya watu, polepole, kidole chake kikiandika juu ya shuka yake pale alipokwama. Kashaija alisikiliza kutoka benchi la tatu. Baada ya ibada Margreth alimjia, akamwambia kwamba mkwe wake naye ana shida ya herufi, akaomba kuazima ungo mmoja mpaka Jumatano.