Bi Maelezo na Mgeni Asiyeijua Nyumba

Asubuhi, jua likiwa bado changa, Bi Maelezo ameketi mezani jikoni, miguu peku, kompyuta mbele yake, macho ameyafumba. Usidhani anasinzia. Kichwani mwake anatembea ndani ya nyumba kubwa isiyo na taa, vyumba visivyo na idadi, na amemshika mgeni mkono.

"Huyo mgeni ndiye ninayemwandikia," anasema polepole, bila kufumbua macho. "Nyumba hii haijui. Akiingia leo, kesho ameshasahau. Nilichomwandikia ndicho anachokijua, basi."

Mgeni mwenyewe si mtu. Ni wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotumwa kurekebisha programu nyingine. Kampuni inayomwajiri mama huyu ina ghala la mafaili ya programu, ikiwemo ile inayopanga zamu za wauguzi. Wakala hupewa zana: ya kusoma faili, ya kuandika, ya kufuta. Kila zana huja na maelezo mafupi ya inachofanya, itumike lini na isiguswe lini. Kuyaandika hayo ndiyo kazi ya Bi Maelezo, na ndiko lilikotoka jina ambalo ofisi nzima inamwitia.

Zamani alikaa kwenye dirisha la maulizo la hospitali, akielekeza watu. "Mgonjwa ukimwambia nenda mbele, atakwenda mpaka agonge ukuta," anacheka. "Lazima umwambie aishie wapi."

Dirisha likafungwa, ikawekwa skrini. Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima, akiota ile milango na zile korido, mpaka jirani aliyekuwa fundi wa programu alipomwita ajaribu kazi hii. Sasa mshahara wake ndio unaolipa kodi ya nyumba, maana mumewe ni seremala, na useremala leo upo, kesho haupo.

Ana desturi moja. Kila maelezo yakiisha, humsomea mama mkwe wake, mpishi mstaafu wa shule, ambaye kompyuta kwake ni kitu cha kupanguswa vumbi. Mama mkwe akiwa na swali, maelezo hayajaiva.

"Ananisomea mambo yake nami usingizi umenishika," anasema bibi huyo akikunja nguo. "Nikimuuliza, ananuna. Halafu huyoo, anakwenda kuandika upya."

Wiki iliyopita hawakuwa wakisemeshana. Sufuria iliungua, kila mmoja akashikilia kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa jikoni. Nyumba ikawa kimya, chai inanywewa kwa zamu. Katikati ya ubaridi huo Bi Maelezo akamaliza maelezo ya zana ya kuandika: "Huandika maandishi kwenye faili lililotajwa." Akayatuma bila kumsomea mtu. Hasira hasara.

Wakala alitumwa aongeze mistari miwili kwenye faili la zamu. Akaichukua zana, akaikabidhi mistari yake miwili. Lakini zana ile huondoa kila kilichomo na kuweka ilichopewa, na hilo halikuwa limeandikwa popote. Faili la mamia ya mistari likabaki na miwili. Ghala hutunza nakala za nyuma, kwa hiyo lilirudishwa, ila asubuhi ile wauguzi walisimama mlangoni wakiulizana nani anaingia na nani anatoka.

"Nililia," anasema. "Mashine haikukosea. Ilinisikiliza mimi."

Fundi mkuu akamsimamisha wakala. Akampa Bi Maelezo nafasi moja tu: aandike upya, wajaribu tena leo. Faili likiharibika tena, kazi itapewa mtu mwingine, naye arudi kukaa nyumbani.

Jana mchana alimwendea mama mkwe, kompyuta kifuani.

"Mama, ya sufuria tuyaache. Naomba unisikilize."

"Mimi niliyaacha tangu juzi. Ulikuwa wewe tu hujaja. Soma."

Akasoma: zana hii huondoa kila kilichomo, soma faili lote kwanza, kisha andika faili zima pamoja na mabadiliko yako. Bibi akafikiri, nguo mapajani.

"Na kati ya kusoma na kuandika, mwingine akipita akatia chumvi yake?"

Bi Maelezo akaketi sakafuni, kompyuta mapajani. Kisha akaongeza: kama faili limebadilika tangu ulipolisoma, usiandike, simama, umwambie binadamu.

Sasa jaribio limeanza. Simu iko mezani, fundi mkuu yuko upande wa pili. Kwenye skrini wakala anasoma faili, anapanga mistari yake, anakaribia kuandika. Bi Maelezo ameshika ukingo wa meza, midomo inamcheza kama mtu anayesali. Wakala anasimama. Maneno yanatokea: "Faili limebadilika tangu nilipolisoma. Sijaandika kitu. Naomba mwongozo."

Kwenye simu vinasikika vidole vikigonga kibodi.

"Dada," fundi mkuu anasema, "ni mimi. Niliingia kusahihisha jina la wodi, nikasahau kwamba jaribio limeanza. Angeandika, kazi yangu ingepotea."

"Kwa hiyo nabaki?"

"Unabaki. Na maelezo ya zana ya kufuta utayaandika wewe pia."

Anaweka simu chini, anafuta macho kwa kiganja. Ndoto yake, anasema, ni kuwatafuta wenzake wa yale madirisha ya maulizo, waliotawanyika majumbani, awafundishe kazi hii. "Sisi tulizoea kumwelekeza mtu asiyejua mlango uko wapi. Naota tumekaa chumba kimoja, kila mtu na mgeni wake."

"Na hao wote watamsomea nani?" mama mkwe anauliza kutoka sebuleni, kwenye kochi, nguo za kukunja mapajani.

"Wewe, Mama."

Bibi anaweka shati alilokunja juu ya mengine. "Basi waje mmojammoja. Na wewe uje kila siku, hata tukiwa tumenuniana."