Majibu Tuliyoyafuta

Zabibu za Makutupora zilipokwisha kuvunwa, nilifikia kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, kwenye chumba alichopanga Mkonze. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anaandika ripoti ya kulinganisha kompyuta mbili za kwanta, aina mpya ambayo bado inajaribiwa, zilizoko ng'ambo, ambazo wanafunzi waliruhusiwa kuzitumia kupitia mtandao. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kitu nisichokijua huniwasha kama upupu. Nikamwambia anifundishe.

Alinieleza vizuri, nisimnyime haki yake. Mashine hizi hukosea sana. Joto kidogo, mtikisiko kidogo, jibu limeharibika. Basi unazipa zote mbili swali ambalo jibu lake unalijua, unalirudia mara mia kadhaa, kisha unahesabu ipi imepatia zaidi. Ukubwa peke yake si kitu. Yeye akawa anasoma majibu, mimi naandika daftarini. Wiki nzima. Sijapata kufurahia kazi namna ile.

Ile ndogo ikaishinda ile kubwa.

Ijumaa akarudi kutoka kwa msimamizi wake, amenuna. Msimamizi alikwisha kuwaandikia wakubwa wake kwamba kubwa ndiyo bora.

"Mjomba, majibu ya Jumanne na Jumatano ya ile kubwa, yafute."

"Kwa nini?"

"Siku hizo ilikuwa haijarekebishwa vizuri."

"Na ndogo ilikuwa imerekebishwa?"

"Ya ndogo tuyaache."

"Basi hujapima, mama. Umechagua."

"Mjomba, wewe uliishia la sita! Akinikatalia ripoti nikarudia mwaka, utanisomesha wewe?"

Nikachukua kalamu. Nikayafuta kwa mkono wangu mwenyewe, na ile kubwa ikawa mbele. Shambani nimeona watu wakipanga vishada vizuri juu ya kreti na vilivyooza chini, nami nimepanga. Lakini mnunuzi akifika kwake atamwaga kreti, ataona, atatukana. Ripoti hii nani angeimwaga? Nikalifunga daftari, nikamrudishia.

Akafaulu. Akaniletea ripoti ikiwa na jalada gumu, akanifungulia ukurasa wa shukrani: msimamizi, mama yake, kisha mimi, "kwa kunakili vipimo vyote kwa uaminifu."

"Nitoe hapo," nikamwambia.

Akacheka, akidhani naona haya. "Mjomba bwana! Imeshapelekwa maktaba."

Basi iko huko. Mwanafunzi atakayetaka kujua mashine ipi ni bora ataifungua, atadanganywa, na ataambiwa nimeshuhudia.