Hiyo Baba Si Yako

Binti yetu alifika miaka mitatu bila neno hata moja, na katika ukoo kama wetu hilo si jambo dogo. Sisi ni watu wa kusema. Siku ya Sabato mjomba wangu akipewa nafasi ya tangazo fupi kanisani, kila mtu anajua chakula cha mchana kitapoa. Huyo huyo mjomba ndiye aliyetutuliza kwamba hata yeye alichelewa kuongea. Nilimtazama nikaona kweli, tangu hapo anafidia.

Nina duka la vinyago vya mawe mjini Kisii. Navinunua kwa wachongaji wa Tabaka, nawauzia wageni na watu wa maofisini. Mke wangu ni mwalimu. Mama yangu alikuwa ameacha majani chai yake kule karibu na Kebirigo ili aje kutulelea mtoto. Nilichotaka kuliko vyote kilikuwa kidogo tu: niingie nyumbani jioni, mtoto aseme "Baba". Nilikitaka hadi nikaona aibu kukitaja, kwa hiyo mbele za watu nilisema nataka aanze kujieleza.

Kabla ya kwenda hospitali nilianza tiba yangu mwenyewe. Mteja mmoja aliniambia kwamba lugha nyingi humchanganya mtoto, nami nikaamini papo hapo kwa sababu kosa halikuwa langu. Nikatangaza nyumbani: kuanzia leo ni Kiswahili tu. Kiswahili cha mama yangu ni cha sokoni, cha kutaja bei na kukataa bei. Alijitahidi siku mbili, kisha akanyamaza. Alimwogesha mtoto kimya, akamlisha kimya. Mimi nikaona nimeleta nidhamu.

Hospitalini walimpima masikio kwanza, yakaonekana mazima. Ndipo tukatumwa kwa mtaalamu wa usemi, binti wa kutoka Voi mwenye Kiswahili kilichonyooka hadi nikawa nasahihisha changu kabla ya kufungua mdomo. Nilivaa tai. Nilibeba daftari jipya. Nilitarajia vidonge, au wakate kile kiuzi cha chini ya ulimi kama tulivyosikia kwa watu. Tulikuwa tumeambiwa tulete kitu cha kuchezea kutoka nyumbani, nikaleta kiboko wa jiwe kutoka dukani, mzito karibu sawa na mtoto mwenyewe. Mtaalamu alishukuru, akamweka kiboko azuie mlango usijifunge. Kazi hiyo aliifanya kwa miezi yote tuliyokwenda pale.

Kisha binti wa watu akaketi mkekani akaanza kupuliza mapovu ya sabuni. Anapuliza, anangoja mtoto amtazame, anapuliza tena. Nusu saa nzima. Nikasonya. Ni tabia yangu hiyo. Umeme ukipotea nasonya, foleni ya benki ikikwama nasonya, na mke wangu husema siku nikifika mbinguni nitasonya malango yakichelewa kufunguliwa.

Mtaalamu alinisikia. Akanieleza bila kuudhika kwamba yeye atamwona mtoto mara moja kwa wiki, na siku zote nyingine tiba ni sisi. Nikamwuliza mtoto ataongea lini.

"Mzazi, tarehe sitakupa," akasema. "Nitakupa kazi."

Alisema kuna watoto wanaosonga mbele haraka, kuna wa polepole, na kuna wanaohitaji msaada kwa miaka mingi. Wetu tutamjua kwa kumtazama, si kwa kukisia. Akatuomba tuandike kila njia ambayo mtoto anaitumia kutuambia jambo: kuvuta nguo, kunyosha kidole, sauti yoyote. Nikaandika "sauti yoyote" katika daftari langu jipya, nikapigia mstari, nikasahau.

Halafu akauliza tunaongea lugha gani nyumbani. Nikajibu kwa fahari. Akauliza bibi anayemlea mtoto anaongea lugha gani. Nikasema siku hizi haongei. Kalamu yake ikasimama. Aliniambia kwamba lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, kinachomchelewesha ni kutosemeshwa, na tafadhali nimrudishie mama yangu ulimi wake. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Jioni ile nilimwomba mama radhi kwa Ekegusii, lugha yetu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuongea, na hakupumzika hadi ugali ukawa baridi. Alikuwa na maneno ya wiki tatu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: shika kikombe cha uji, mtazame mtoto, ngoja, hesabu moyoni hadi kumi ili apate nafasi ya kukiomba kwa njia yake. Mimi nilikuwa nikifika nne. Mke wangu, aliyezoea kungoja majibu ya wanafunzi, alifika kumi bila taabu. Mama alikataa katakata. Kumshikia mtoto uji usoni bila kumpa aliuita unyimi, na kama shida ni kuongea, yeye angeongea kwa niaba ya wote wawili. Lakini alipomwogesha alimtajia kila kiungo, sikio, goti, kidole, na mtoto alimkodolea macho mdomoni. Wiki moja alinyosha kidole kuonyesha ndizi. Wiki iliyofuata akaacha. Mtaalamu akasema hivyo ndivyo inavyokwenda, tusiogope.

Jumapili moja asubuhi tulikuwa sebuleni sote. Mke wangu ameshika kikombe, anahesabu. Mtoto akasema, wazi kabisa, "Baba."

Niliruka kutoka kitini. Nikampigia simu mjomba, nikawapigia wachongaji watatu wa Tabaka, na nilikuwa namtafuta wa nne mama aliponigusa bega. Kiswahili alichokiweka kando kwa miezi alikitoa siku hiyo, nadhani ili kiniingie vizuri.

"Hiyo baba si yako," akasema. "Hiyo ni ya mama yake."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Mimi mwenyewe huyu mama nimemwita "baba" tangu nijue kusema, na asubuhi ile nilijisahau kwa tamaa tu. Mke wangu alikuwa amefunika uso kwa viganja, analia na kucheka kwa pamoja. Nilimfurahia kwa moyo wote. Nilimwonea wivu pia kwa moyo huo huo.

Kliniki iliyofuata nilimpelekea mtaalamu kesi hiyo. Aliuliza swali moja tu, mtoto alikuwa akimtazama nani aliposema. Nikakiri. Akaandika neno la kwanza kwenye faili, na maana yake pembeni.

"Na wewe anakuitaje?" akauliza.

Nikasema haniiti. Kisha nikatoa lalamiko nililokuwa nimelificha, kwamba mtoto ameanza utovu wa adabu. Kila nikiingia jioni ananisonya, na nimemkanya mara nyingi anyamaze lakini hasikii.

Mtaalamu akamgeukia mke wangu, akauliza kama huwa anamsonya mtu mwingine.

"Hapana," mke wangu akasema. "Akisikia lango likifunguliwa tu, anasonya, halafu anakwenda kukaa mlangoni."

"Mzazi," mtaalamu akaniambia, "hilo ni jina lako."

Nilimtazama kiboko pale mlangoni kwa sababu sikuweza kumtazama mtu. Nilikuwa nimemleta mtoto hospitali ili aongee, na nyumbani nikawa namkaripia anyamaze kila aliponiita.

Jioni ile nilifungua lango polepole. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyosha. Akaniangalia akanisonya, msonyo mrefu uliokamilika, wangu mtupu. Mama yangu alisimama jikoni akatulia, akaniachia mimi nafasi.

Nikachuchumaa mbele ya mwanangu.

"Naam," nikaitika. "Tata amekuja."

Kisha nikangoja. Nilihesabu moyoni, na kwa mara ya kwanza nikafika kumi. Akasonya tena, akaninyoshea mikono nimbebe.