Moraa, karani aliyejua kwetu ni wapi

Siamini bado. Jana nilimpigia Moraa simu nimuulize nafasi ya "nyumbani" kwenye programu ya mazishi inajazwaje. Ilipoanza kuita ndipo nikakumbuka mazishi ni yake.

Homa ya mapafu. Aliugua siku tisa tu.

Kwa wasiomjua: Moraa alikuwa karani wa mzani kwenye shamba la chai tulikozaliwa sote wawili, upande wa Boito. Watoto wa kambi ya wafanyakazi. Baba yangu alitoka kando ya ziwa, wake ng'ambo ya mji wa Chepilat.

Nilipomaliza form four, fomu ya mkopo wa chuo kikuu ilitaka barua ya chifu wa nyumbani. Nikaandika kwamba nyumbani ni kwao baba, mahali nilipowahi kwenda mara mbili, zote za matanga. Chifu wa huko akasema hanijui. Wa hapa akasema sisi ni watu wa kampuni, twende kwetu.

Bila barua hakuna mkopo, bila mkopo hakuna chuo. Nikaanza kuchuma chai.

Moraa aliniona nimenuna nikipimiwa majani. "Atieno, uliandika kwenu ni wapi?" Nikamwambia. "Kosa langu hilohilo," akasema, akarudi kwa mzani. Ndivyo nilivyojua kwamba yeye pia aliitwa chuo na hakuenda. Hakulitaja tena.

Kesho yake, shift ilipoisha, alinipeleka kwa chifu wa hapa na kadi yangu ya kliniki ya kambini.

"Huyu ametoka wapi?" chifu akauliza.

"Kwa majani chai yako, mzee. Amezaliwa hapa, amechanjwa hapa, amesoma hapa. Ukimkataa, utuambie ni wa nani."

Chifu akacheka, akatafuta muhuri. Sasa niko mwaka wa tatu chuoni.

Tangu hapo, kila matokeo ya mtihani yakitoka, mzazi akifika kwa mzani Moraa anamuuliza: "Kadi ya kliniki ya mtoto iko? Usitupe." Supervisor akalalamika kwamba foleni haisongi.

"Inasonga," Moraa akamjibu. "Ni vile wewe huoni inakoenda."

Nilimwambia aombe chuo na yeye. "Halafu nani atapima?" Sikumsukuma. Hilo nalibeba.

Leo alikuwa ampeleke Nelly, binti wa jirani yetu, kwa chifu akatafute barua. Nimempeleka mimi. Chifu hakuwa amesikia, akauliza karani yuko wapi. Nikamwambia. Akachukua muhuri, akapiga bila kumuuliza Nelly kwao ni wapi.

Kesho tunamzika ng'ambo ya Chepilat, kwenye boma ambamo hakuwahi kulala hata wiki moja. Jamaa wanasema anaenda nyumbani. Siwapingi, ndiyo mila.

Lakini programu nimejaza mimi. Nyumbani: kambini, karibu na mzani.

Lala salama, Moraa. Ukiulizwa huko umetoka wapi, sema kwa majani chai yetu.