Waya wa Mia Nane

Jambo lote lilinigharimu shilingi mia nane. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta kwa bidii shilingi nyingine ya kuongeza. Sikuipata. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, lilimgharimu ngamia wanne na mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti.

Nilikuwa na gari kubwa la viti kumi. Dashibodi ilisema limetembea kilomita laki mbili, lakini magari yanayofika Garissa yakiwa yametumika kwingine huwa yamepunguziwa umri kama wachezaji mpira. Sikulinunua kwa ajili ya starehe. Nilikuwa nikilikodisha kwa mashirika yanayofanya kazi upande wa Fafi, na shemeji ndiye aliyeliendesha. Tulikuwa tukiitana seedi, yeye kwangu na mimi kwake, kwa sababu Kisomali hakitofautishi nani kaoa na nani dada yake kaolewa. Alikuwa dereva wa polepole. Abiria walimlalamikia. Afisa mmoja alisema kwamba akisafiri naye hadi Bura humaliza ripoti, akaisahihisha, akaanza kuijutia.

Siku mbili kabla gari halijakaguliwa kwa mkataba wa miezi tisa, taa ya njano ya ABS iliwaka na ikakataa kuzimika. Kwa asiyejua, huo ni mtambo unaozuia magurudumu yasifunge kabisa dereva anapokanyaga breki kwa ghafla. Gurudumu likifunga huteleza tu, na likiteleza halifuati usukani. Taa ikiwaka, breki bado zipo na gari linasimama. Kilichopotea ni ule uwezo wa kukwepa kitu huku umekanyaga. Ndiyo maana watu wengi huishi na taa hiyo miaka, wakaizoea kama jirani mwenye redio. Mkaguzi wa shirika hakuwa mmoja wao. Kwake, taa moja ya onyo na gari linarudi nyumbani.

Fundi wangu ni mtu wa Mwingi mwenye karakana ya mabati nyuma ya soko la mifugo. Amekaa Garissa mpaka akigombana huhesabu kwa Kisomali. Tulianza na fyuzi. Zote zilikuwa nzima. Nikazichomoa tena nizitazame mwenyewe. Kisha akaliinua gari, tukaenda gurudumu kwa gurudumu. Kila moja lina sensa, kijiti kidogo kinachosoma pete yenye meno inayozunguka pamoja na gurudumu, na kupeleka habari kwenye kompyuta ya breki. Akaweka mita. Sensa tatu zilitoa namba zinazokaribiana. Ya mbele kushoto haikutoa chochote.

"Pima tena," nikamwambia.

"Bosi, imekufa. Hata nikipima mpaka Idi."

"Pima."

Akapima. Haikutoa kitu. Akafuta tope na grisi, akanionyesha mahali waya ulipokuwa umesagika, na ndani yake pete imepasuka, meno mawili hayapo. Sensa pamoja na habu, kitovu cha gurudumu chenye ile pete, kutoka Nairobi, ilikuwa elfu ishirini na mbili na kazi yake humo humo. Nikamshusha hadi kumi na tisa. Lakini vifaa vingechukua siku tatu, na ukaguzi ulikuwa kesho kutwa.

"Na hiyo taa peke yake," nikauliza, "kuizima ni ngapi?"

Akaiweka mita chini. "Nikitoa balbu atajua. Hao hufungua swichi kwanza waone zote zinawaka, ndiyo wahesabu zinazozimika."

"Kwa hiyo?"

"Naikata kutoka kompyuta yake, naiunganisha na taa ya oili. Ya oili ikiwaka, na hii inawaka. Ya oili ikizimika, na hii inazimika. Itakuwa na adabu kuliko ikiwa nzima."

"Ngapi?"

"Elfu moja na mia tano."

"Waya wenyewe una urefu wa kidole."

"Basi tumia kidole."

Tukaishia mia nane. Niliondoka pale nikijipongeza, maana nilikuwa nimeokoa elfu kumi na nane na mia mbili, na mwanamume aliyeokoa kiasi hicho kabla ya chai ya saa nne ana haki ya kutembea amenyoosha shingo.

Mkaguzi, bwana nadhifu mwenye kibao cha kuandikia, akafungua swichi. Taa zote zikawaka. Akawasha injini. Zote zikazimika. Akaweka alama ya vema, na mkataba ukasainiwa wiki hiyo.

Nia yangu ilikuwa kuagiza vifaa kwa malipo ya mwezi wa kwanza. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, najua haisaidii. Mwezi wa kwanza kulikuwa na karo. Mwezi wa pili ukame ulikuwa umekaza, nikanunua maji ya lori kwa mbuzi wa mama yangu. Mwezi wa tatu sikuwa na sababu. Nilikuwa nimezoea tu.

Mwezi huo wa tatu seedi alinipitia nyumbani alasiri, ufunguo mkononi.

"Seedi, pedali ya breki zamani ilikuwa ikitetemeka nikikanyaga kwenye mchanga. Trrr, chini ya kiatu. Siku hizi imenyamaza."

Huo mtetemo ndio ABS yenyewe ikifanya kazi. Nilijua, fundi alikuwa amenieleza.

"Kinachotetemeka ndicho kibovu," nikamwambia. "Sasa imepona."

"Nilikuwa nimeuzoea ule ubovu."

"Utauzoea na uzima, inshallah."

Akacheka, akaenda. Aliniamini kwa sababu kila mtu katika familia ile anajua kwamba mimi ndiye ninayekagua vitu mara mbili.

Mvua za kwanza ziliponyesha, asubuhi moja, alikuwa peke yake kwenye barabara ya udongo akienda Bura kuwachukua maafisa. Ngamia walitoka kwenye vichaka wakavuka. Alikanyaga breki. Magurudumu yakafunga. Akazungusha usukani kushoto, ambako kulikuwa wazi, na gari likaenda mbele moja kwa moja kama limewekwa kwenye reli. Liliwapiga ngamia watatu. Mmoja alianguka juu ya boneti na uzito wake wote, na chuma cha mbele kikarudi ndani hadi mahali ilipokuwa miguu ya seedi. Mguu ulikatwa hospitalini siku ya pili.

Nilifika pale kabla ya adhuhuri, wakati yeye ameshachukuliwa. Michirizi ya magurudumu ilikuwa bado kwenye tope. Niliipima kwa hatua, nikapata arobaini na moja. Nikarudi nilikoanzia nikapima tena, arobaini na moja. Watu waliosimama pale waliitazama na kusema neno moja, mbio. Mimi niliona kitu kingine. Michirizi haikupinda mahali popote, lakini magurudumu ya mbele ya gari lile lililobondeka yalikuwa yameelekea kushoto hadi mwisho. Mtu alikuwa amegeuza usukani wote, kwa wakati, na gari halikumfuata. Hakukuwa na haja ya mita.

Watu waliposogea kwa wale ngamia, kumchinja aliyekuwa bado anapumua, niliingiza mkono nyuma ya dashibodi iliyopasuka, nikaupata ule waya, nikauvuta, nikautupa vichakani. Mchana mvua ilirudi ikafuta michirizi.

Bima ililipa gari, kwa kuwa karatasi ya ukaguzi ilikuwa safi. Ngamia haikuwatambua, ilisema mfugo barabarani ni kosa la mwenye mfugo. Lakini wazee wa Bura hawaendi kwa karatasi za bima, na baada ya mwezi tuliitwa kikaoni. Tulikaa kwenye mikeka uani kwa mwenye ngamia, tukaletewa chai ya maziwa. Seedi aliwekewa kiti cha plastiki. Ndiye peke yake aliyekaa juu yetu sote, na ilionekana wazi kwamba angetoa chochote aweze kuketi chini.

Mwenye ngamia alidai wanne, kwa kuwa mmoja wa wale watatu alikuwa na mimba. Nilibishana naye. Ni aibu kuiandika, lakini nilibishana robo saa nzima juu ya mimba hiyo.

"Aliye tumboni hajahesabiwa na mtu," nilisema.

"Mimi nilimhesabu. Kila siku, miezi kumi na moja."

"Pengine angekuwa dume."

"Na pengine angekufa kwa ukame," akasema. "Lakini aliuvuka ukame, akafa kwa gari lako."

Wazee wakampa wanne.

Likabaki la nani alipe. Mzee aliyeongoza kikao alilieleza kwa ufupi: ikiwa gari lilikuwa na ila, mzigo ni wa mwenye gari, ikiwa ni mbio, mzigo ni wa dereva. Akanigeukia.

"Gari lilikuwa na ila?"

"Lilikaguliwa na shirika. Hakuna taa iliyokuwa ikiwaka." Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na nilikuwa nimelipanga tangu Garissa.

Akamgeukia seedi. "Na wewe?"

"Adeer, mzee wangu, niligeuza usukani. Gari halikusikia."

"Gari husikia likiendeshwa taratibu," mzee akasema, bila ukali. "Watu wetu waliiona ile michirizi. Ilikuwa mirefu."

Seedi akanitazama. Hakuwa akinishuku. Alikuwa akingoja tu niwaambie wazee jinsi anavyoendesha, mimi niliyepokea malalamiko ya abiria wake kwa miaka. Ilikuwa sentensi moja. Nilitazama chai yangu, juu yake utandu wa maziwa umeanza kuganda, na mzee akangoja kwa adabu, kisha akaendelea.

Ingekuwa mwaka mwingine jamaa wangechanga. Mwaka ule ukame ulikuwa umemwachia kila mtu mifupa. Baba yake alimwachia seedi ngamia watano, na wanne walitoka siku hiyo hiyo. Alibaki na jike mmoja, anayekamwa, na watoto watatu wanaokunywa maziwa yake.

Baadaye nilikwenda kwa fundi nikamuuliza ingekuwaje kama ile ABS ingekuwa nzima.

"Kwenye tope?" Alifikiri. "Pengine angemgonga mmoja."

"Mmoja si watatu."

"Si watatu." Akaendelea kufunga nati. "Mimi nilipewa mia nane, bosi. Ya mia nane haina maneno mengi."

Nilinunua gari jingine kwa fedha za bima, ambazo sikumwambia mtu habari zake, nikasema ni mkopo. Mke wangu anaamini ni mkopo. Huniombea lipungue.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba seedi mwenyewe ameshaamini. Mwanzoni alikuwa akisema gari halikusikia. Kisha akawa anasema huenda hakugeuza mapema. Sasa hukaa na madereva wengine penye chai karibu na stendi ya magari ya Bura, magongo yake yameegemezwa ukutani, na wakianza kujisifia mwendo huwakatiza. "Mimi nilikuwa mbio," huwaambia. "Sikujua kama niko mbio, lakini nilikuwa." Nimemsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimeingia kununua sambusa, nikatoka bila kununua.

Mwishoni mwa Shaaban, wakati watu wanapoombana radhi kabla ya mfungo, alikuja kwangu. Alipanda ngazi tatu za baraza bila kukubali kushikwa. Wanangu wakamkimbilia mjomba wao, "Abti, abti," naye akawatuliza, akasubiri waingie ndani.

"Seedi, nisamehe kwa gari. Na kwa jina lako kutajwa kikaoni kwa sababu yangu."

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu.

"Nimekusamehe," nikasema.

"Duniani na akhera?"

Huulizwa hivyo, ndivyo watu wetu wanavyoombana. "Duniani na akhera," nikasema, na wallahi sauti yangu haikutetemeka. Alishusha pumzi kama mtu aliyeteremshiwa gunia. Akanywa maji, akaenda.

Nilidhani limeisha. Juzi ikaja salamu kutoka Bura, alikohamia seedi baada ya ajali. Seedi amekaa na hesabu zake akaona kwamba msamaha bila malipo haumtoshi, kwa kuwa mimi nilipoteza gari na bado nabeba mkopo. Ametuma yule jike wa mwisho aje kwangu pamoja na mchungaji wa jirani yake. Nilimpigia simu nikamwambia amrudishe, watoto watakunywa nini. Akasema watoto watakunywa chai ya rangi kama watoto wengine, na kwamba tangu alipofanya uamuzi huo ameanza kulala vizuri. Nikasema sina haja naye. Akasema anajua mimi ni mtu wa huruma.

Nikimpokea ngamia, nimemla seedi hadi mfupa. Nikimrudisha bila kueleza, atauza ngamia huyo aniletee fedha, namjua. Nikieleza, nitaeleza taa, pedali, waya vichakani, kile kikao na ule msamaha, na dada yake atakuwa nyuma ya pazia akisikia yote. Nimelipanga mara mbili kwa kila upande. Njia iliyobaki ni ya kueleza, lakini mdomo wangu umezoea kupunguza, haujui kutaja bei kamili.

Ngamia anafika Alhamisi. Yeyote aliyewahi kumkiria mtu jambo baada ya kumsamehe kwa jambo hilo hilo, naomba aniambie alianza na neno gani, na kama alilisema akiwa amekaa au amesimama.