Unaonaje, Mama?

Mamaangu alikuwa akilitia neno "naona" kila mahali. Naona baridi. Naona haya. Naona mvua haiji leo. Alikuwa msusi wa mikeka huko Gazi, na sikuwahi kulihusisha neno hilo na macho yake, mpaka siku aliposuka ukili mwekundu mahali pa mweusi, akashikilia kwamba ni mweusi.

Nilimpeleka Msambweni kwenye kliniki ya macho. Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole.

"Shikamoo, mama. Unaonaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi naona ungetuhudumia upesi, jua lisitukute njiani."

Daktari alicheka, nami nikacheka. Aliulizwa macho, akatoa maoni. Kisha daktari akamziba jicho la kulia, akakunja ngumi mbele ya lile la kushoto.

"Vidole vingapi?"

Mama akanyoosha shingo. "Naona viwili."

Sikucheka tena. "Naona" ile haikuwa ya macho wala ya maoni. Alikuwa akibahatisha, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeogopa kukosea.

Daktari aliniita pembeni. Ilikuwa presho ya macho. Mshipa wa jicho la kushoto ulikuwa umekufa na hakuna upasuaji wa kuurudisha. Kwa la kulia tungejaribu dawa ya matone, ingawa tulikuwa tumechelewa. Akaniachia mimi kumwambia mama.

Tulikaa kwenye benchi nje.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Kasema tutie dawa."

"Na wewe waonaje?"

Nikainamisha uso, kana kwamba angeweza kuusoma. "Naona utapata nafuu, mama."

"Nakuuliza uonavyo, waniambia upendavyo."

Nikaenda kuchukua dawa. Nilimtilia matone asubuhi na jioni, na kila asubuhi nilimkuta akiugeuza uso huku na huku, akiutafuta mwanga wa mlangoni. Kabla ya Ramadhani kuingia, la kulia nalo likazima. Hakulia. Aliniomba tu nimwambie kanga aliyojifunga ni ipi.

Siku hizi hunishika bega tukienda kumjulia hali jirani. Mpaka leo sijajua nitembee vipi. Nikienda polepole hukasirika, husema yeye si maiti; nikiongeza mwendo kidogo, hujikwaa.